Mwendo wa Mwalimu Njau

Tangu Mwalimu Njau astaafu, ukumbi wa kanisa pale Kimbo huwa kimya Jumamosi. Humo ndimo alimotufundisha kuigiza. Alitutuma sokoni, kila mmoja amchunguze mtu wake, kisha arudi akitembea kama yeye.

Lynn aliogopa jukwaa, akaapa kwamba zamu yake ikimshinda hatarudi tena. Siku hiyo aliingia akichechemea. Katika mwendo huo tulimtambua papo hapo mwalimu wetu, ambaye mwenyewe huchechemea. Hakuna aliyethubutu kucheka, na Lynn akaanza kurudi mlangoni.

“Si mguu huo, mami,” mwalimu akasema. “Ni wa kushoto. Na hicho kiuno umekizeesha bure! Hebu nifuate.”

Wakazunguka ukumbi wakichechemea pamoja, mpaka Lynn akacheka. Hakuacha kuja mazoezini.

Mwalimu Njau sasa anaishi mtaa wa Landless, Thika, kwa binti yake.