Baba Yake Wakoli

Pu, pu. Kidole cha mtu mwingine kikigonga maiki yake: ndiyo sauti iliyomganda Maurice Murunga sikioni tangu siku Kipyego alipoingia katika banda la video la Mama Edinah, mtaani Munyaka, akaomba kujaribu.

Siku za kazi Murunga hupakua magunia ya mahindi yanayotoka Moiben, na huko ghalani hakuna anayemwita kwa jina. Lakini Jumamosi mchana hukaa kando ya runinga ya Mama Edinah, maiki mdomoni, akitafsiri sinema za ng'ambo kwa Kiswahili cha watu wa hapa. Majenerali huwageuza machifu. Wapenzi wa Ulaya huwatuma sokoni wakanunue sukuma. Mkewe, Nasambu, hukaa benchi la mbele, na kicheko chake ndicho Murunga hukingojea kuliko cha banda zima.

Sasa Nasambu alikuwa akimchekea Kipyego pia. Kijana huyo alitoka upande wa Kesses, mwembamba, sauti laini kama maziwa yaliyochujwa, na hakuhitaji hata kuitazama sinema kabla ya kuitafsiri. Jioni moja Nasambu alirudia mzaha wa Kipyego huku akisonga ugali, mwiko ukitetemeka kwa kicheko, na Murunga akasema hana njaa.

Mama Edinah aliona wateja wake wamegawanyika, akakata shauri. Wawili hao wangetafsiri sinema moja, Murunga nusu ya kwanza, Kipyego nusu ya pili. Atakayependwa zaidi, Jumamosi ni zake.

Sinema yenyewe ilihusu wageni wa angani walioivamia dunia, na askari kijana aliyeingia katika mashine ya kumrudisha siku za nyuma ili awazuie kabla hawajatua. Kila alikorudi, alimkuta mzee mwenye sikio moja akimwonya asikanyage hapa, asipite pale. Murunga alikuwa ameitazama mapema peke yake, akaujua mwisho: mzee huyo ni askari yuleyule, amerudi kutoka uzeeni.

Na banda lina sheria yake. Mtafsiri ndiye anayewabatiza watu wa sinema, na jina likishatajwa halibadilishwi. Anayepokea maiki katikati hupokea na majina. Akiyageuza, atazomewa mpaka barabarani.

Basi Murunga akambatiza askari Wakoli. Mzee wa sikio moja akamwita Eliakim, baba yake Wakoli, aliyetoroka nyumbani msimu wa palizi asionekane tena. Watu wakacheka, wakapiga mabati makofi. Alipokuwa akipokea maiki, Kipyego alimnong'oneza, akauliza kama yule mzee kweli ni baba.

"Ni baba yake," Murunga akasema. "Wewe endelea tu."

Kisha akaenda kukaa kando ya Nasambu, akaungoja mwisho kama mtu anayengoja ngazi ivunjike chini ya miguu ya jirani.

Ukafika. Moto wa wageni ukamuunguza kijana sikio. Uso wake ukajaa kwenye runinga, ukafuatwa na uso wa mzee: kovu lilelile, macho yaleyale. Fundi viatu mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti, "Kipyego, huyo si ni Wakoli mwenyewe? Baba ameenda wapi sasa?" Mabenchi yakaanza kunguruma.

Kipyego aliishusha maiki. Murunga akahisi raha ikimpanda kifuani. Halafu ile sauti laini ikaja, taratibu.

"Baba hakurudi, watu wangu. Wakoli alimngoja mpaka akazeeka. Akaona yule mtoto hana wa kumshika mkono. Ndio akarudi mwenyewe, akawa baba yake."

Hakuna aliyecheka. Manyunyu yakasikika juu ya mabati. Nasambu aliushika upindo wa leso, akafuta macho. Miaka yote Murunga amemchekesha, hakuwahi kumliza. Alitamani kuinyakua ile sentensi kinywani mwa Kipyego, arudi nyuma kidogo tu, aiseme yeye.

Nje, Mama Edinah alisema hakuna ubishi, Jumamosi ni za Kipyego. Kijana akakataa. Alieleza kuwa Mzee Murunga huwa hakosi kuitazama sinema kabla, kwa hivyo aliujua mwisho, na alimwekea mpira mbele ya goli makusudi ili yeye afunge. Mtu wa roho hiyo hanyang'anywi siku yake.

"Wacha Mzee akae na Jumamosi," akasema. "Mimi nipewe siku yoyote."

Mama Edinah akaitikia kwa kichwa. Nasambu akamgeukia mumewe, akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake. Ilibaki Murunga anyamaze tu, na kila kitu kingekuwa chake. Aliutazama mkono ule juu ya mkono wake.

"Sikukuwekea mpira," akamwambia Kipyego, kwa sauti ambayo hata maiki isingeidaka. "Nilitaka uanguke."