Mia Saba Zilizopungua

Sabini elfu ni namba yenye kiburi. Inakubali kugawanywa kwa mbili, kwa tano, kwa saba. Ukiivunja mpaka mwisho hukuti kingine ndani yake. Ukiipelekea tatu, inakufungia mlango. Hilo nililijua chuoni, kabla diploma yangu ya uhasibu haijafia mwaka wa pili. Sikudhani litakuja kumuumiza mtu.

Bi Ashatu, jirani yetu hapa Kerege, anasuka makuti. Mwanawe wa pekee, Dadi, aligongwa na lori Msata. Desturi ya kwao, maiti husomewa “La ilaha illa Llah” mara sabini elfu, ukoo mzima ukisaidiana. Ukoo wenyewe amebaki yeye. Akajipangia elfu moja mia saba na hamsini kwa siku, itimie kabla ya dua ya arobaini. Kila akimaliza kuzungusha tasbihi, anatia punje ya choroko koponi. Punje mia saba, kazi kwisha.

Asubuhi ya arobaini nilikwenda kutandika majamvi, nikamkuta anatumbukiza punje ya mwisho.

“Umemaliza, mama? Mbona hata mkandarasi wa barabara yetu hamalizi kwa tarehe!”

“Utazikwa na kejeli zako,” alisema, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Nikaichukua ile tasbihi, nikaihesabu kwa mazoea tu. Shanga tisini na tisa.

“Mama, kila mzunguko uliuhesabu ngapi?”

“Mia. Si kama baada ya sala? Tisini na tisa, halafu moja la kutimiza.”

“Na hilo la kutimiza ulikuwa ukilisema?”

Mkono wake ukasimama. “Nilikuwa natia punje.”

Ningeweza kufunga domo langu. Sikufunga.

“Basi zimepungua mia saba. Na tasbihi hii haitaangukia sabini elfu kamili hata uizungushe mpaka kiama. Tisini na tisa inagawanyika kwa tatu, sabini elfu haitaki. Zungusha mara saba, halafu ongeza saba za juu.”

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Watu walijaa. Shehe Abdulazizi alikuwa na maziko Mlingotini adhuhuri, akawa anatazama saa. Nikagonga.

“Mama, kimbiza kidogo.”

“Dadi alikimbia, ndiyo yakamkuta. Niache.”

Nikamweleza shehe. “Mwenyezi Mungu hapotezi hesabu, kijana,” alisema kwa upole. “Tusome.”

Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, watu wakatawanyika. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Alipotoka nilishayakunja majamvi. Sauti ilikuwa imemkauka.

“Zimetimia. Wako wapi wa kuitikia?”

“Nipo mimi.”

Akainua mikono, akaanza kuomba. Nikaitikia amina peke yangu, uani, kama mwendawazimu. Alipofika pa kumtaja marehemu midomo ilicheza, sauti haikutoka. Nikalitaja mimi jina la Dadi.