Swali la Mara ya Pili

Karatasi ilisema kichwa cha mujukuu wangu kinachelewa. Haikusema wazi, karatasi za ofisi hazisemi kitu wazi. Ilisema "bado hajafikia kuelewa wingi," na chini yake, kwa kalamu nyekundu: arudi kwa watoto wa nyimbo. Hao ni wale wadogo wanaopiga makofi asubuhi nzima na kulala kwenye mukeka. Mujukuu wangu ana miaka saba, na mwaka muzima amekwisha kuimba. Wangemurudisha, wenzake wote wa mustari wetu wa nyumba wangeingia darasa la kwanza, yeye angebaki na wa kufutwa kamasi, na jina lingemushika: mujinga wa kurudia. Jina hilo nalijua. Nililibeba mimi mwenyewe.

Nilisoma miaka miwili tu, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo. Mwalimu alimwambia baba kwamba mimi sina kitu kichwani, baba akaona ni afazali niende kuosha samaki. Huyo asiye na kitu kichwani amevuka ziwa Mweru na watoto wanne na sufuria moja, amelima hapa Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi upande wa Zambia, mpaka mihogo ikazaa, amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na leo wanawake wanaoanika chisense kwenye mchanga wa Kabuta, kando ya ziwa, wananiuliza mimi kama vile visamaki vimekauka ama bado. Hakuna mutu aliyenifundisha. Kwa hiyo mutu mwenye shati ya pasi akiniletea habari za akili, mimi namwangalia kwanza viatu. Vya huyu kijana wa projet, aliyepima watoto wa shule na kuandika ile karatasi, havikuwa na vumbi. Gari ilimushusha kwenye mulango wa darasa.

Nilikuwepo alipomupima mutoto. Waliniruhusu nikae kwenye benchi ya nyuma, nisiseme. Kijana aliweka mezani vikombe viwili vya kioo vilivyo sawa, na kimoja chembamba, kirefu kama shingo ya nyange. Akajaza vile viwili.

"Maji iko sawasawa, ama kamoja iko na mingi?"

"Iko sawasawa," mutoto akasema.

Akamimina kimoja ndani ya kile kirefu. "Na sasa?"

"Iko sawasawa."

"Angalia muzuri. Iko sawasawa, ama kamoja iko na mingi?"

Mutoto akashusha macho. Akakunja magoti kidogo, vile nilivyomufundisha kufanya mbele ya mukubwa, akasema polepole, "Kale karefu iko na mingi."

"Merci." Akaandika.

Akafanya vilevile na udongo, madonge mawili, moja akalisokota likawa nyoka. Akafanya na mawe, mustari wa kubanana na mustari wa kuachana. Kila mara jibu la kwanza lilikuwa sawa, kila mara kijana alirudilia swali, na kila mara mutoto alikunja magoti na kubadilisha. Mimi nyuma nilikuwa nauma meno.

Alipofunga karatasi nilisimama.

"Mwalimu, mutoto alikujibu muzuri. Kwa nini ulimuuliza tena?"

"Mama, karatasi njo inasema niulize mara mbili. Mutoto mwenye kuelewa habadilishi."

"Kwetu mwenye kuelewa njo anabadilisha. Mukubwa akirudilia swali, maana yake jibu la kwanza limemukasirisha. Wewe hukulelewa?"

Akacheka. "Nililelewa, Mama. Lakini mimi napima akili, sipimi heshima."

"Basi umepima heshima, ukaandika akili."

Hapo hakucheka. Akaangalia mulangoni, watoto wengine walikuwa wanangoja. "Nitarudi ijumaa ya pili, juu ya wale waliokuwa wagonjwa. Ukitaka, mulete. Lakini usimufundishe majibu."

"Majibu anayo. Wa kufundishwa ni wewe."

Njiani nilimuuliza mutoto kwa nini alisema kile kirefu.

"Aliuliza tena, Kambo." Kambo njo mimi, mama ya mama yake.

"Na wewe ulijua nini?"

"Maji ni ile ile. Imehama nyumba tu."

Mpaka tunafika nilikuwa nakumbuka siku moja Kabuta, wakati wa kiangazi. Muuzaji mumoja wa chisense alitoa visamaki kwenye beseni pana, akavimwaga ndani ya ndoo nyembamba mpaka vikafanya kilima juu, akaniambia nione vile ni vingi. Mutoto alikuwa pembeni yangu. Akasema kwa sauti, mbele ya watu, "Kambo, ni ile ile ya beseni." Yule muuzaji akaniangalia kama mutu asiyejua kulea. Nikamuuliza mutoto, "Umesema nini?" Akasema tena ni ile ile. Nikamuuliza mara ingine, na kofi. "Ni mingi, Kambo," akasema. Muuzaji akafurahi. Lakini mimi nililipa bei ya beseni, sikulipa bei ya kilima, juu nilijua mutoto anasema kweli. Akili yake niliitumia, mudomo wake nikaupiga.

Sisemi hivi ili muone nimetubu. Mutoto asiyenyamaza mbele ya wakubwa ni aibu, nasema hivyo mpaka leo. Lakini yule kijana hakumukuta mujinga. Alikuta kazi yangu, akaipa jina baya.

Basi tukaanza. Kila mchana, tukigeuza samaki kwenye mchanga, nilimuuliza.

"Jua linalala wapi?"

"Congo, Kambo."

Nikamukazia jicho. "Wapi?"

"Mantapala."

"Jua limelala Mantapala siku gani? Nikirudilia, na wewe rudilia."

Akalia. Ilikuwa kama kumwambia atembee uchi. Mwanamuke aliyekuwa anaanika karibu yetu akapiga mudomo. "Mama, unamufundisha mutoto kubishana? Kesho atakubishia wewe."

"Anibishie. Wewe unamufundisha wako nini, kupepea inzi?"

Siku zote zile sikumugusa na maji wala vikombe. Majibu ya yule kijana sikumufundisha, ninaapa. Nilimufundisha tu kubaki pale aliposimama.

Ijumaa ya pili tulirudi. Vikombe ni vilevile, shati ingine. Akamimina, akauliza, mutoto akasema iko sawasawa. Akarudilia. Mutoto akageuza kichwa akanitafuta kwenye benchi. Mimi nikaangalia mabati. Magoti yakaanza kukunjika, yakasimama.

"Nimeisha kukuambia, Mwalimu. Ni ile ile. Imehama nyumba tu."

Kijana akainua macho. Akapita kwenye udongo, kwenye mawe, na pote mutoto akabaki pale pale. Mwishoni akaandika karatasi mupya: darasa la kwanza.

"Umemufundisha, Mama," akasema.

"Nimemufundisha kukukosea heshima. Maji alijua mwenyewe." Nikachukua karatasi. "Na wale wengine uliowarudisha kwenye nyimbo, nao uliwauliza mara mbili?"

Akafunga mufuko wake. Mimi nikarudilia swali ili aone vile inauma. Akaenda kwenye gari. Aksanti yangu hakuipata.

Mutoto sasa yuko darasa la kwanza, anasoma maneno mimi nisiyoweza. Juzi nilimuuliza kama ameosha sufuria. Akasema ndiyo. Nikamuuliza tena, kwa mazoea tu.

"Nimeisha kukuambia, Kambo."

Magoti hayakukunjika hata kidogo. Mukono wangu ulikuwa umekwisha kupanda. Nikaushusha, nikaenda nyuma ya nyumba kuangalia sufuria. Ilikuwa safi, na hilo lilinikasirisha zaidi.