Sumaku Iliyoikataa Dhahabu

Nilikuwa mwalimu kijana wa sayansi, na majivuno hayakunipungukia. Kila asubuhi nilivuka mpaka kwa baiskeli kutoka Busia ya Kenya kwenda kufundisha sekondari upande wa Uganda. Miaka hiyo ya sitini shule yetu ilikuwa na sumaku moja tu, yenye umbo la herufi U, nami niliitunza kama mboni ya jicho.

Somo la kwanza nilitamka kwa mbwembwe: "Sumaku huvuta metali." Misumari ikaruka, darasa likashangilia, nikadhani nimefundisha. Ijumaa, msichana mmoja wa kijiji cha Tiira akaniomba aende nayo nyumbani aijaribu, kwa kuwa mama yake alikuwa akichimba na kuosha dhahabu huko. Roho iliniuma, lakini nikampa.

Jumatatu alirudi na mama yake, miguu ingali na tope la shimoni. Mama alifungua pindo la leso, akatoa unyoya wa kuku. Wachimbaji walihifadhi vumbi la dhahabu ndani ya bomba la unyoya, wakaliziba kwa nta.

"Mwalimu, mimi nakuja kuchukua mtoto," alisema. "Sumaku yako nakataa dhahabu yangu. Kama hii ni ya uongo, karo nalipa na nini?"

Masikio yalinichoma. Sikuwa nimewaambia kwamba dhahabu haivutwi, wala shaba, wala fedha. Mficha maradhi, kifo humuumbua; basi nikasema palepale, mbele ya darasa zima, "Mama, nimekosea mimi. Dhahabu yako haina kosa."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Nyumbani walikuwa wamejaribu punje moja safi. Nikamwomba amimine kwenye karatasi kidogo ya vumbi la unyoyani, lililokuwa bado na mchanga mweusi unaowasumbua waoshaji. Nilipopitisha sumaku, mchanga ulisimama kama nywele za mtu aliyeshtuka, kisha ukairukia. Dhahabu ikabaki kwenye karatasi, njano tupu.

Mama akaangua kicheko. "Kumbe ile nakimbilia sumaku ni takataka!"

"Lakini mwalimu," binti akauliza, "kwa nini inaikataa dhahabu?"

"Sijui," nikasema. Niliona haya, lakini pia nilitamani kujua kuliko nilivyowahi kutamani nikiwa mwanafunzi.

Mama alifunga unyoya wake kwenye leso, akamsukuma binti taratibu kuelekea dawati lake.

"Basi," akaniambia, "mtoto nabaki hapa mpaka nyinyi wote wawili najua."