Aliyelilia Sombe Miaka Kumi na Moja

Alipokuwa bado anaishi Kadutu, hapa Bukavu, Guylain hakugusa bugali mbele ya watu. Alisema ni chakula cha kupandia mlima, si cha mtu mwenye kusoma. Aliomba makaroni, na makaroni yasipokuwepo alilala na njaa kwa heshima zote. Kisha akapata viza, akaenda Ubelgiji, Charleroi, kupanga makartoni katika depo. Huko, wiki ya tatu, akagundua kwamba yeye ni Mwafrika.

Tangu hapo hatukupumua. Kila Jumapili baada ya misa, sauti yake ya dakika sita iliingia kwenye telefoni ya tantine Martine, dada ya baba yake, aliyemlea tangu anatambaa.

"Tantine, leo nilisonga bugali na unga wa semule, inateleza sawa sabuni! Nikaponda mboga ya hapa na siagi ya karanga, nikajidanganya ni sombe, nikalia."

Alilia kweli, kamasi zilisikika, kwa ajili ya majani ya muhogo. Alililia sambaza, vidagaa vya kisiwa cha Idjwi, na vichwa vyake. Alililia kasiksi, ile pombe ya ndizi aliyoiita mkojo wa babu alipokuwa hapa. Miaka kumi na moja ya matanga, na hakuna aliyekufa.

Tantine Martine ana malewa, mgahawa mdogo, sokoni: bati mbili, benchi tatu, vyungu vinne vilivyomlisha huyo msomi. Mwaka jana Guylain akatangaza kwamba anakuja. Tantine akaagiza sambaza Idjwi, akaagiza sombe changa kutoka Katana, akaitwanga mwenyewe mpaka mabega yakakataa.

Guylain akashuka na valizi mbili: moja ya nguo, nyingine ya sardini za kopo, biskuti na maji ya chupa. Akakaa kwenye benchi, akanusa, akafunga macho.

"Ah, harufu ya nyumbani!"

Kisha akafungua biskuti.

"Kula basi, mutoto wangu."

"Nitakula kesho, tantine. Tumbo iko inauma kidogo."

"Tumbo inauma na unatafuna biskuti?"

Akabanwa, akatapika ukweli. Pascal, rafiki yake wa Charleroi, alimwonya: ukifika Bukavu usikule kwa mutu, wakiona umetoka Ulaya watakutilia karuho. Kwa maprofesa wa Charleroi, sumu hiyo sisi tunaiweka kwenye mboga sawa chumvi.

Tantine akafuata desturi. Akakata tonge, akachovya kwenye sombe, akaonja wa kwanza mbele ya wote. Akameza, akafungua mdomo aonyeshe. Guylain akaangalia saa, maana inasemekana karuho nyingine huchelewa.

Hapo Floribert, mwashi anayekula pale kila mchana, akaweka kijiko chini. Chantal, muuza nyanya, naye akasukuma sahani yake polepole, kama mtu aliyeshiba ghafla. Tantine akaviona vijiko viwili vimelala, akaelewa: kama mtoto aliyelelewa na chungu hiki anakiogopa, kesho benchi zitakaliwa na nzi. Jina la mlozi, hapa kwetu, halitoki kwa sabuni.

Hakulia, hakubembeleza. Akanyanyua valizi ya sardini, akaitupa barabarani.

"Tantine!"

"Shuka zangu pia nimezitilia karuho! Maji ya kuoga, karuho! Benchi unayokalia, simama haraka! Mutu mwenye kuogopa chungu yangu hawezi kulala chini ya bati yangu. Enda kwa hoteli, ao ukule hapa, mbele ya hawa."

Guylain akatazama barabara, akatazama watu. Akachukua sambaza moja, ndogo kuliko zote, akaiweka kwenye ulimi kama hostia. Akangoja kufa. Soko zima likangoja naye, wengine kwa matumaini.

Hakufa, ndiyo hivyo. Akachukua ya pili. Kisha mkono ukazama kwenye bugali, na Mbelgiji akapotea. Ikabaki midomo tu, mafuta na machozi.

"Tantine, unajua, kule Charleroi..."

"Funga mudomo na ukule."

Sahani ya kwanza, ya pili, ya nne. Chantal akaivuta tena sahani yake, akaimaliza bila kumtazama mtu. Floribert akakohoa, akanyoosha yake.

"Maman Martine, niongezee na mimi."

Tantine akamwinamishia chungu aone: hakuna hata mchuzi.

"Wewe ulikuwa unangoja kwanza aanguke, Floribert. Kesho uje mapema."