Mama niliyemwandika hana huduma ya pesa ndiye aliyenivusha mto

Wakuu, mpo? Nina kisa cha kazini kilichonipata mimi mwenyewe hapa Kisangani. Nitakieleza kilivyokuwa, hata pale kinaponiaibisha, na hapo ni pengi.

Nilipata kazi ya muda ya kuhoji watu nyumba kwa nyumba. Kuna mradi uliotaka kujua ni wangapi wanatumia huduma za pesa: benki, ushirika wa akiba, pesa za simu.

Mimi na tablet yangu tukapangiwa mtaa mmoja Lubunga, ng'ambo ya mto. Niliambiwa wakazi wa mtaa ule wakitaka kuweka pesa kwenye simu huvuka kwa pirogi, yaani mtumbwi, mpaka mjini.

Mradi ulisema wazi: mtaa ukionekana una watumiaji wa kutosha, utaletewa ofisi ndogo ya kuweka na kutoa pesa. Usipoonekana, basi.

Sasa sikieni ujanja wangu.

Tulilipwa kwa kila nyumba. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, una akaunti ya benki au ya simu kwa jina lako?" Mtu akisema ndiyo, yanafuata maswali mpaka koo linakauka. Akisema hapana, tablet inaruka hadi mwisho, unaaga.

Bon, mnajua nilikuwa naombea jibu gani. Swali lenyewe nilikuwa nalitema kama kondakta anayetaja vituo.

Siku ya pili asubuhi nikafika kwa Mama Zaina, anayeuza samaki wakavu kutoka Isangi. Nikamuuliza. Akafikiri kidogo, akasema hapana. Kisha akataka kujua kama naandika jina lake. Nikamjibu kwamba hatuandiki majina, namba tu. Niliona hakufurahi, ila nilishampa mgongo.

Jioni nafika ufukweni, mfukoni sina hata noti moja. Posho yote iko kwenye simu, na noti ya mwisho nilikuwa nimenunulia chikwangue, ule mkate wa muhogo. Mwenye pirogi hakutaka habari za simu. Akanielekeza kwa mama wa samaki, eti wote huenda kwake.

Mmeshajua ni nani.

Nilimkuta na watu wanne mbele yangu. Huyu anatuma ada ya mtoto mjini, yule anapokea za mume aliyeko machimboni. Zamu yangu ilipofika nikatuma, simu yake ikalia, akafungua fundo la kikwembe, kitenge alichojifunga, akanipa noti zangu. Nikamuuliza mbona asubuhi alisema hapana.

"Uliniuliza jina yangu, mutoto yangu. Laini iko kwa jina ya shemeki, juu mi sina kadi ya électeur. Njo nikasema hapana. Kama nafanyaka nini, haukuuliza."

Laini ilikuwa ya shemeji yake, kwani bila kadi ya mpiga kura husajili laini. Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Akanieleza kuwa pesa za kwenye simu zikimwishia huvuka mto na pesa za watu kiunoni. Kuna siku mawimbi ya boti kubwa yalijaza pirogi yao maji. Alifika salama, akashinda siku nzima anakausha noti juu ya vifuniko vya masufuria. Ofisi ile anaihitaji kuliko mtu yeyote, na mimi nilikuwa nimesaidia kumnyima.

Kesho yake nikaenda kwa chef Crispin, msimamizi wetu, nikamweleza kila kitu. Nilidhani nimefukuzwa. Akawaita wenzangu na kuwauliza. Donc, kumbe sikuwa peke yangu: kila mmoja alikuwa na "hapana" zake za haraka.

Tukarudia nyumba zote, zile za siku mbili za kwanza, bila malipo. Mke wangu alininunia wiki nzima. Safari hii chef aliongeza swali: "Mara ya mwisho ulipotuma au kupokea pesa, ulipitia kwa nani?"

Mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba: kwa Mama Zaina.

Ofisi bado haijafunguliwa, nisiwadanganye. Lakini kontena limeshawekwa juu ya ufuko, limepakwa rangi, na Mama Zaina ameshughulikia kadi yake ya mpiga kura ili aombe kazi pale. Mimi nina imani.

Nilichojifunza: watu wetu hawako nje ya pesa kama fomu zinavyosema. Wana njia zao, na anayetaka kuwahesabu aanze kwa kuuliza wanafanyaje, halafu atulie asikie jibu.

Wenzangu mliowahi kubeba tablet, tiririkeni: ni swali gani lililowadanganya? Na kwenu, mama wa mtaa ni nani?

Jana nilimwambia Mama Zaina kwamba nitaandika kisa hiki. Hakuuliza kingine.

"Leo jina yangu utaandika?"

Nimeliandika, mama.