Mkanda wa Tatu

Mtaani walimwita Mzee Fyuzi, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka arobaini, nyumba ya mtu ikiingia giza, yeye ndiye aliyeitwa. Akifika, husonya, humlaumu fundi aliyemtangulia, hupanda ngazi, kisha huwasha taa. Nyumba nyingi za mtaa ule zina nyaya alizozipitisha kwa mikono yake. Lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa na korido ambayo haijawahi kuonja taa. Mganga hajigangi, mke wake alizoea kumwambia, naye alizoea kujibu, "Kesho." Mke alifariki mwaka uliopita, na kesho yenyewe haikuwa imefika.

Korido ile ilitoka sebuleni, ikapita vyumba viwili, ikakata kona kwenda bafuni. Dirisha haina. Hata saa sita mchana unaipita kwa kupapasa. Pale konani ndipo mzee alipoanguka, akalala sakafuni akisikiliza redio ya jirani mpaka kipindi kizima kikaisha, ndipo akapata nguvu ya kujiinua. Hakumwambia mtu. Ila jirani huyo, mama ambaye hapitwi na jambo, aliona anavyochechemea, akampigia simu binti wa mzee. Mzee alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, naye aliishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi.

"Baba, nakuja Jumamosi," binti alisema kwenye simu. "Tunafunga vitu, Jumanne tunaondoka wote. Huwezi kukaa peke yako kwenye nyumba inayokuangusha."

"Nyumba haijaniangusha. Nimejikwaa."

"Umejikwaa gizani, baba. Fundi umeme mzima!"

Hapo alimshika pabaya. Mzee akakata shauri papo hapo.

"Haya, sikiliza. Ukija ukakuta giza humu ndani, nitapanda basi bila kusukumwa. Usipolikuta, unaniacha hapa hapa kwangu."

"Sawa, baba. Jumamosi ndiyo tutajua mbivu na mbichi."

Siku tano, basi. Kutoboa kuta na kupanda ngazi mwili wa uzee ulikuwa umeshakataa, kwa hiyo alikwenda dukani kutafuta taa za mkanda, zile zinazouzwa zimekunjwa kwenye roli, zina gundi mgongoni, unazibandika ukutani kama plasta kwenye kidonda. Mikanda mitatu ya mita tano tano ingetosha: mmoja ukutani sebuleni, mmoja koridoni, mmoja kukata kona mpaka bafuni. Muuzaji alikuwa msichana aliyechomeka kalamu kwenye nywele, na kwa bahati mbaya alikuwa anaijua kazi yake.

"Mzee, usiiunge yote mitatu mkia kwa kichwa," alisema. "Umeme wake ni mdogo, volti kumi na mbili tu. Unachoka njiani. Mkanda wa tatu upe transfoma yake."

"Mwanangu, mimi nimeanza kuunga umeme mama yako hajaota meno."

"Ndiyo, mzee, shikamoo yako. Lakini hii transfoma ya pili ichukue tu."

Aliichukua ili yaishe. Sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikuwa limezibwa na miaka arobaini. Msimlaumu sana. Katika umeme wa nyumba aliouzoea, unatoa waya taa hii unapeleka ile, unaendelea hivyo hivyo, na taa ya kumi inawaka sawa na ya kwanza. Nani angemwambia kwamba kuna umeme unaochoka kama mtu?

Alifanya kazi Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Alipiga magoti koridoni, akafuta vumbi ukutani, akabandika mkanda kwa dole gumba, shubiri kwa shubiri. Kwenye viungo alichomea nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi, akajiunguza mara mbili. Alizungumza peke yake muda wote. "Nipe koleo," alisema mara moja, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mkono ukabaki hewani. Mke wake ndiye aliyekuwa akimpa koleo. Aliinuka akaenda kulichukua mwenyewe.

Alhamisi jioni aliwasha. Sebule iling'aa kama duka la simu. Korido ikapata mwanga wake. Lakini baada ya kona, mkanda wa tatu ulitoa vijimwanga vya kuomba radhi, na pale hasa alipoangukia palibaki giza.

"Viungo," alisema. Ijumaa asubuhi alivifumua vyote akavichomea upya. Giza lile lile. Akabadilisha waya. Giza. Mchana ndipo alipopiga moyo konde akatoa mita yake ya kupimia volti, akapima mwanzoni: kumi na mbili. Akapima konani: nane na kitu. Alikaa chini pale pale sakafuni.

"Msichana yule!" alisema kwa sauti, akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kucheka naye. Maishani mwake, kila alipokosea, mke wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka, na kicheko chake ndicho kilichofanya kosa lisiume.

Basi, transfoma ya pili. Dawa alikuwa nayo, tatizo likawa pa kuichomeka. Upande ule wa kona palikuwa na soketi moja tu, nayo ilikuwa ndani ya chumba cha cherehani. Chumba hicho kilikuwa cha mke wake. Hakuwa amekifungua tangu siku walipotoka makaburini. Alifuta mlango ule kwa kitambaa, alibandika taa chini yake, alipita mbele yake kila siku, lakini kitasa hakukigusa.

Aliwaza kuiacha kona na giza lake. Halafu akaliona akilini lile basi, na nyumba yake imefungwa kufuli, mtu mwingine akiulizia bei. Akashika kitasa.

Chumba kilinuka vumbi na mafuta ya cherehani. Soketi ilikuwa ukutani chini ya meza, na juu yake palibandikwa karatasi kwa pini ya kushonea. Aliujua mwandiko.

"Kwa Fundi. Soketi hii imelegea, inatoa cheche. Nimekusubiri sana. Ni mimi, mteja wako wa siku zote."

Ulikuwa utani wao. Kwa kuwa mzee alijali wateja kuliko nyumba yake, mke alianza kumwandikia kama mteja. Karatasi nyingine alizisoma, akacheka, akasema kesho. Hii hakuwa ameiona. Alisoma mara tatu, machozi yakimdondoka, wala hakuyafuta, maana nani angeyaona?

Alizima umeme kwenye swichi kuu. Akafungua soketi, akakwangua nyaya zilizoungua, akaweka soketi mpya, akakaza kila skrubu mpaka bisibisi ikagoma. Kazi ya robo saa. Robo saa tu, Mungu wangu. Kisha akapitisha waya chini ya mlango, akaukata mkanda wa tatu kutoka kwa wenzake ili ujitegemee, akauunga kwenye transfoma yake. Alipowasha, kona ilimulikwa mpaka kwenye nyufa za sakafu. Kwenye karatasi aliandika chini: "Imetengenezwa. Samahani kwa kuchelewa."

Binti alifika Jumamosi alasiri na mabegi mawili makubwa, matupu, moja limekunjwa ndani ya jingine. Alimkumbatia baba yake, akatua mabegi, akaenda moja kwa moja koridoni. Alitembea taratibu mpaka bafuni, akarudi. Alipoukuta mlango wa chumba cha mama yake uko wazi, alisimama pale muda mrefu.

"Umefanya mwenyewe yote haya?"

"Nani mwingine?"

Mzee alikuwa amejiandaa kubishana. Hoja alizipanga tangu Jumatatu, moja juu ya nyingine. Kesho yake asubuhi, wakinywa chai, binti alisema, "Usiku nimekwenda bafuni bila kupapasa. Umenishinda, baba. Sitakulazimisha."

"Nilikuambia."

"Uliniambia." Alizungusha kikombe. "Nilikuwa nimekuandalia chumba. Kile cha mbele. Nimekipaka rangi. Sasa nitampa mwanangu, ameshakililia sana."

Mzee alitaka kuuliza rangi gani. Alitaka aambiwe tena "twende, baba", mara moja tu, safari hii bila mabishano. Badala yake akasema, "Mpe. Mtoto anahitaji chumba."

Binti hakuona sababu ya kungoja Jumanne. Alipanda basi la saa nne, mabegi yake yakiwa matupu vilevile. Mzee alimpungia mpaka basi likakata kona, kisha akarudi, akawasha mikanda yote mitatu mchana kweupe, akakaa kwenye kiti cha cherehani na mlango wazi. Aliweza kuiona kona nzima, haina kivuli hata kimoja, na hapakuwa na mtu wa kuipita.

Jioni simu ililia.

"Nimefika salama, baba. Taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Kuna kitu unahitaji?"

Alitazama ile karatasi juu ya soketi. Neno "nichukue" lilimfika mdomoni, akaligeuza geuza.

"Hapana, mama," alisema. "Hakuna kilichoharibika."